Kucheka na Mtu, Kumcheka Mtu

Kuna swali moja ambalo vijana wananiulizaga karibu kila wiki, na watu wazima wengi wanaliona la kitoto: "Yaya, nikifunga goli naruhusiwa kufanya nini?" Wengine wanauliza wakicheka. Wengine wanauliza kwa uzito, kwa sababu wameshakaripiwa. Mimi naliona ni swali kubwa, hasa kwetu sisi wakimbizi, maana ndani yake kuna lingine limejificha: mtu aliye mgeni anaruhusiwa kufurahi kwa sauti kiasi gani?

Ninafanya kazi na vijana hapa Kigali. Wengi wametoka Kivu, wengine Burundi, na wengine ni watoto wa mtaa wenyewe, Wanyarwanda, wanaokuja kwa sababu mpira upo. Tunacheza kwenye kiwanja cha udongo mwekundu, na mpira ukitoka upande wa chini unateremka mlima mpaka kwenye nyumba za watu. Uwanjani utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili chetu cha Kongo na Kiswahili cha Nyamirambo, vyote ndani ya dakika moja. Furaha haihitaji mkalimani hapo. Lakini dharau pia haihitaji, na shida yetu inaanzia hapo.

Wazazi wengi wa kwetu wana jibu lao tayari: "Funga, nyamaza, rudi katikati. Sisi hapa ni wageni." Ninaelewa wanakotoka. Mtu ambaye maisha yake yamo kwenye faili la ofisi fulani amejifunza kutembea taratibu, asije akamuudhi mtu. Lakini wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo unyamaze. Na mtoto wa miaka 14 ambaye wiki nzima amebeba maji, amelea wadogo zake na amesikia habari mbaya za nyumbani, zile sekunde ishirini baada ya goli ni mali yake. Tukimnyang'anya hizo, tumempa mpira wa nini?

Vijana wakiniuliza, ninaanza na Kidiaba.

Waliozaliwa juzi wanamjua kwa video tu. Robert Muteba Kidiaba alikuwa kipa wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya barabarani. Desemba 2010 Mazembe walikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Tarehe 14 walikutana na Internacional ya Brazili katika nusu fainali. Kabangu akafunga, halafu Kaluyituka akafunga la pili, ikawa 2–0. Hapo timu ya Afrika ikaingia fainali ya kombe hilo kwa mara ya kwanza. Kabla yake fainali ilikuwa ya Ulaya na Amerika ya Kusini peke yao. Na Kidiaba akafanya kile kitu chake: akakaa chini, akanyoosha miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio kama mtu aliyekalia siafu. Dunia nzima ilicheka. Siku nne baadaye Inter Milan waliwafunga Mazembe 3–0, lakini uliza mtu yeyote wa kwetu anakumbuka nini. Atakuonyesha makalio.

Sasa ninawaambia vijana waangalie jambo moja kwenye ile video. Kidiaba ni kipa. Goli limefungwa kule mbali, na yeye anaruka huku kwake, karibu na nyavu zake mwenyewe. Wabrazili waliofungwa wako upande mwingine wa uwanja. Hakuna hata mmoja aliyerukiwa usoni. Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo hilo: kuna kucheka na mtu, na kuna kumcheka mtu. Kidiaba alikuwa anacheka na watu wa Lubumbashi. Hakuwa anamcheka mtu wa Porto Alegre.

Sheria yenyewe ya mpira inasema karibu hivyo hivyo, ingawa wengi hatujawahi kuisoma. Sheria ya 12 inamruhusu mchezaji kushangilia goli. Inataka tu asizidishe wala asipoteze muda. Kadi ya njano inatoka akivua jezi au akijifunika nayo kichwa, akivaa kinyago, akipanda uzio, au akifanya ishara ya uchokozi au ya kejeli. Na kadi hiyo inabaki hata kama goli lenyewe limekataliwa. Lakini kucheza dansi? Kupiga magoti na kuomba? Kukimbia kumkumbatia kocha? Hakuna kosa. Marefa wetu wa mtaani wakisema "kushangilia ni utovu wa nidhamu," wanaongeza sheria yao wenyewe.

Mwaka jana jambo hili lilitoka kwenye maneno likawa kesi. Tulikuwa na mashindano madogo, timu yetu na timu za mitaa ya jirani. Mechi moja ilikuwa 1–1 mpaka mwisho. Namba saba wetu, kijana wa miaka 16, akachukua mpira pembeni, akapita wawili, akafunga. Angeweza kukimbilia upande wowote. Alikimbia moja kwa moja mpaka mbele ya benchi la wenzetu, akasimama, akaweka kidole kwenye midomo: nyamazeni. Alikaa vile kama sekunde tano. Kwa aliyesimama pale zilikuwa ndefu sana. Mmoja akamsukuma, wetu wakaja, wao wakaja, mawe mawili yakarushwa na sijui nani. Mama mmoja aliyekuwa anauza sambusa akakusanya beseni lake na kukimbia. Mechi ikaishia pale.

Kesho yake tukasikia maneno mawili. La kwanza lilitoka kwa jirani mmoja mkubwa: "Wakimbizi wameleta fujo." Timu mbili mbaya zimegombana, lakini fujo ikapewa jina la upande mmoja. La pili lilitoka kwa wale waliosimamia mashindano: kuanzia sasa, kushangilia ni marufuku kwa timu zote. Goli likifungwa, rudi katikati.

Tulicheza wiki tatu chini ya amri hiyo. Sijawahi kuona mpira wa huzuni namna ile. Kijana anafunga goli zuri, anageuka na kurudi kama mtu anayetoka bombani na bidoni tupu. Timu ya wasichana ndiyo iliumia zaidi. Wao walikuwa na mtindo wao: wakifunga, wanajipanga mstari mmoja, mkono mmoja kichwani kana kwamba wamebeba beseni la maji, wanatembea kwa madaha mpaka kwa mama zao waliosimama pembeni, halafu wote kwa pamoja "wanamwaga maji." Mama zao wanajibu kwa vigelegele. Amri ilipokuja mtindo ukafa, na mama wakaacha kuja. Kuwatoa wale mama nyumbani waje kuona binti akicheza mpira kulituchukua karibu mwaka. Kuwapoteza kulichukua wiki mbili.

Na ile amri haikugusa chanzo. Nilipokaa na namba saba peke yake, nilimuuliza kwa nini alikwenda kule. Akaangalia chini. "Yaya, mechi nzima walikuwa wananiita impunzi. Nikigusa mpira, impunzi. Nikianguka, impunzi. Sasa mimi ningefanya je? Nikawaambia wanyamaze." Impunzi ni mkimbizi kwa Kinyarwanda. Neno lenyewe si tusi. Liko kwenye vitambulisho vyetu. Lakini neno lolote linaweza kugeuzwa jiwe ikiwa anayelisema anataka kukupiga.

Basi tuliomba timu zote mbili zikae pamoja kabla ya kucheza tena. Tulikutana Jumamosi moja mchana kwenye baraza la nyumba ya sala. Hapakuwa na soda wala mabango, vijana tu na makocha wao. Mwanzoni walikaa pande mbili kama watu wa harusi isiyotakiwa. Namba saba akaeleza yake. Kapteni wa wale wengine, kijana mrefu mpole, akasema: "Hilo la impunzi lilisemwa, sikatai. Lakini ulipokuja na kidole chako, baba yangu alikuwa amesimama nyuma ya benchi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kuniona nikicheza." Watu wakanyamaza. Nadhani hata namba saba hakuwa amewaza kwamba nyuma ya benchi kuna baba wa mtu.

Pale baraza ndipo kanuni zetu zilipotoka, na walizitunga wenyewe kwa lugha zao. Ya kwanza: ukifunga, geukia watu wako. Ya pili: usimwendee aliyefungwa, usimwonyeshe kidole wala kumtazama usoni, mpaka mechi iishe na umpe mkono. Ya tatu ilikuwa ngumu kukubaliwa, na ndiyo niliyoipenda zaidi: mchezaji akimtukana mwenzake kwa asili yake, kapteni wake mwenyewe ndiye anamtoa nje, hata kabla ya refa. Tukazipeleka kwa wasimamizi. Wakaondoa marufuku, wakasema watatazama.

Siwezi kusema kila kitu kimepona. Mzazi mmoja alimtoa mtoto wake na hajamrudisha. Neno lile nimelisikia tena, mara mbili. Lakini mara ya pili kapteni alimtoa wake kweli, wakacheza kumi dakika tano, na hakuna aliyerusha jiwe. Na wale mama wameanza kurudi.

Baada ya hapo, Mmarekani mmoja anayefanya kazi kwenye shirika na ambaye alikuwa anakujaga kututazama aliniambia kwamba kwao wanagombana juu ya jambo hili hili, ila kwenye besiboli. Alitufundisha kidogo kwa mti wa ufagio na mpira wa tenisi. Kwa kifupi, mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu. Akiupiga ukaruka nje ya uzio, anazunguka vituo vyote taratibu na timu yake inapata pointi. Desturi ya zamani ya kwao ni kwamba ukipiga mpira wa namna hiyo, uweke rungu chini, ukimbie, usijitape mbele ya aliyeurusha. Haijaandikwa katika kitabu chochote cha sheria. Ukiivunja, siku nyingine mpira unaweza kurushwa makusudi kwenye mbavu zako. Korea Kusini wanacheza besiboli ile ile, na huko mpigaji anatupa rungu hewani kwa mbwembwe, watu wanapiga makofi. Mchezo mmoja, lakini adabu mbili.

Alitusimulia kisa cha José Bautista, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyechezea Toronto. Tarehe 14 Oktoba 2015, katika mechi ya kuamua nani abaki na nani arudi nyumbani, alipiga mpira ukaenda nje na kuipa timu yake pointi tatu. Akasimama, akatazama, akalitupa rungu kwa nguvu. Toronto wakashinda 6–3, Texas Rangers wakatoka. Tarehe 15 Mei 2016 timu hizo zilikutana tena Texas. Kwanza mpira ukampata Bautista mwilini. Baadaye yeye akamtelezea vibaya mchezaji wa Texas, Rougned Odor, kwenye kituo cha pili, na Odor akamtandika ngumi ya taya mbele ya dunia nzima. Vijana wetu walicheka sana waliposikia. Mimi nilikuwa nahesabu: kutoka Oktoba mpaka Mei ni miezi 7. Watu wanaolipwa mamilioni walilala na kinyongo miezi 7, na pale hapakuwa na baraza wala Jumamosi ya kukaa chini na kuambiana.

Besiboli hiyo hiyo ina habari nyingine, na hii ni ya karibu na sisi. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda Marekani kwenye mashindano makubwa ya besiboli ya watoto, yale ya Williamsport, Pennsylvania. Walinyimwa viza kwa sababu ya karatasi zao. Sisi tunaojua maana ya karatasi, hapo hatuhitaji kuelezwa. Lakini Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao ndio wangekutana nao kule, wakapanda ndege wakaenda Uganda kucheza nao hiyo mechi waliyonyimwa. Mwaka huo huo watoto wa Lugazi walipata viza, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kwenye mashindano hayo. Ninawaambiaga vijana: heshima kwa mpinzani ndiyo hiyo. Kuficha meno wakati umefunga ni jambo dogo tu. Kutaka mwenzako awepo ili mchezo uwe mchezo ndilo kubwa, maana bila yeye goli lako ungemfunga nani?

Kuna swali moja bado sina jibu lake kamili. Aliniletea binti mmoja wa timu yetu. Wapo wachezaji ambao hawashangilii wakiifunga timu iliyowalea. Tarehe 5 Machi 2013 Cristiano Ronaldo aliifungia Real Madrid dhidi ya Manchester United, pale pale Old Trafford alipokulia kimpira, na akainua mikono tu kama anayeomba radhi. Watu waliiona ni adabu. Binti akaniuliza: "Na sisi je?" Yeye amezaliwa Rwanda na wazazi wake ni Wakongomani. Kambi ya Kiziba iko tangu 1996. Wapo waliozaliwa mle ambao leo wana watoto wao. Akicheza dhidi ya timu ya mtaa, anaifunga timu ya nani? Ya wageni wake, ya wenyeji wake, au ya kwao? Nilimwambia ninavyoona mimi: nyumba mbili hazikukatazi furaha, zinakupa pande mbili za kugeukia. Alicheka, lakini najua bado anaiwaza. Na mimi pia.

Mkono wa mchezaji unaweza pia kubeba kitu kizito kuliko furaha. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa wameziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono mwingine vimeelekezwa kichwani kama bunduki. Walikuwa wanawataja wanaokufa mashariki mwa nchi. Jarida letu si la siasa na sitaingia huko. Ninataja tu kwamba chumbani tulimokuwa tunatazama, wazee waliacha kuongea, na mama mmoja alifunika uso kwa kitenge. Ishara ile haikuelekezwa kwa Waivori waliokuwa wamesimama kando yao. Ilielekezwa kwa watu wao. Kongo walifungwa 1–0 usiku ule, wakapeana mikono na waliowafunga, wakatoka.

Kwa hiyo kwa makocha na wasaidizi wa vijana kambini na mjini, ombi langu ni hili. Msizime furaha kwa sababu ni rahisi kuzima. Tenga dakika 15 kabla ya mashindano, timu zote mbili zikae pamoja, kila moja ionyeshe mwenzake itashangilia namna gani. Mtacheka, na mtu mliyecheka naye saa tisa ni vigumu kumrushia jiwe saa kumi na moja. Kwa ndugu zetu wa mashirika: mnapoleta mipira na jezi, asanteni, lakini leteni pia muda wa kukaa. Ripoti ikiandika "ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji," muulize kwanza nani alimwita nani nini, na nani alikuwa amesimama nyuma ya benchi.

Kwa wazazi: njooni muone. Mtoto anayefunga anatafuta uso mmoja pembeni ya uwanja. Akiukosa, ndipo anakwenda kutafuta uso wa adui.

Na kwenu vijana: chezeni, fungeni, rukeni kwa makalio kama Kidiaba mkitaka, mradi muwe tayari kufua kaptula zenu wenyewe. Mpinzani wako mwachie heshima yake. Ataihitaji kesho, na wewe utaihitaji siku atakapokufunga.